Kufuga kamba wa kushindana sokoni: mwongozo kamili, kuanzia mbegu hadi barafu

Sokoni kamba wako hashindani na kamba wa jirani. Anashindana na katoni la kamba waliogandishwa kutoka Ekwado, India au Vietnamu, nchi ambazo zimefuga kwa miongo kadhaa na zinanunua chakula kwa shehena. Kwa bei tupu ni vigumu kuwashinda. Wewe una ukaribu: kamba wako anaweza kutoka majini alfajiri na kufika jikoni siku hiyohiyo bila kugandishwa. Ukaribu huo, hata hivyo, haulipi kitu ikiwa nusu ya vifaranga wanafia bwawani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo matatu tu, yaani mbegu, hewa na chakula. Mengine yote nitayapitia kwa kasi zaidi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kilo moja kabla ya kuchimba

Wengi huanza na jembe. Anza na karatasi.

Chukua bwawa la mita za mraba 1,000. Ukipanda vifaranga 60 kwa kila mita, wanakuwa 60,000. Wakipona asilimia 75 na ukawavuna wakiwa na gramu 18, unapata kilo 810. Ikiwa kila kilo ya kamba imekula kilo 1.4 za chakula, umetumia kilo 1,134 za chakula.

Sasa fikiria kwamba waliopona ni nusu, na hukujua. Uliendelea kulisha kwa kufuata jedwali lilelile kana kwamba wote wapo. Siku ya kuvuna unapata kilo 540, na chakula ni kilekile kilo 1,134. Kila kilo ya kamba imekula kilo 2.1. Umeme, mlinzi, vifaranga na mafuta ya jenereta havikupungua hata kidogo, kwa hiyo kila kilo moja imebeba gharama hizo mara moja na nusu.

Chakula peke yake kwa kawaida hula nusu ya gharama zote au zaidi. Hivyo shamba la kamba huinuka au kuanguka kwa idadi ya waliopona na kwa uwiano wa chakula na uzito. Kifaa chochote unachouziwa kwa jina la teknolojia, uliza kwanza kinagusa namba ipi kati ya hizo mbili. Muuzaji akishindwa kukujibu, usikinunue.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kamba na mahali

Kamba mweupe, Penaeus vannamei, asili yake ni pwani ya Pasifiki kuanzia Mexico hadi Peru. Leo ndiye anayefugwa zaidi duniani, na sababu zake ni za wazi: anavumilia msongamano, anaridhika na chakula chenye protini kidogo kuliko wenzake, anaishi hata kwenye maji yenye chumvi chini ya gramu 1 kwa lita, na amezalishwa kifugoni kwa vizazi vingi. Kamba mkubwa mwenye milia, Penaeus monodon, ni wa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Huyu hukua akawa mkubwa zaidi na bei yake kwa kamba mmoja huwa nzuri, lakini anataka protini nyingi na nafasi.

Kama kamba mweupe si wa bahari yenu, uliza sheria ya uingizaji wa viumbe wageni kabla hujaagiza hata mmoja. Sheria hiyo ina maana yake, kwa kuwa kamba wageni hufika na magonjwa yao.

Mahali pa bwawa ni nyuma ya mikoko, kamwe si ndani yake. Achilia mbali sheria na hifadhi. Udongo wa mikoko wenyewe ni mtego. Mara nyingi una madini ya salfa ambayo yakikauka na kuguswa na hewa huzaa asidi, na bwawa hilo litakula chokaa yako miaka na miaka. Ukiiacha mikoko isimame, inakulindia kingo na kuchuja maji yanayotoka shambani.

Walio mbali na bahari wanaweza kutumia kisima chenye maji ya chumvi, ila wasidanganywe na kipimo cha chumvi pekee. Katika maji ya bahari, kwa kila sehemu 28 za sodiamu kuna sehemu 1 ya potasiamu, na magnesiamu ni takriban mara tatu ya kalsiamu. Maji ya visima mara nyingi yana upungufu mkubwa wa potasiamu. Kamba anaweza kuogelea vizuri siku ya kwanza, kisha wakaanza kufa mmoja mmoja kila wanapojivua gamba. Peleka sampuli maabara. Kinachopungua huongezwa kwa mbolea za potasiamu na magnesiamu.

Hatua ya 3: Mbegu

Hapa ndipo utafiti ulipobadilisha kazi hii kuliko mahali pengine popote.

Mjapani Motosaku Fujinaga alifaulu kutotolesha kamba na kulea mabuu mwaka 1934. Lakini kwa miongo mingi baadaye vituo vya utotoleshaji viliendelea kutegemea kamba wazazi waliovuliwa baharini, na wazazi hao walikuja na virusi. Miaka ya mwanzo ya 1990, virusi vya madoa meupe viliteketeza mabwawa ya Asia, na mwaka 1992 ugonjwa wa Taura ukaonekana Ekwado. Marekani, iliyokuwa na mpango wa taifa wa utafiti wa kamba tangu 1984, ilipitia njia nyingine. Wataalamu, hasa wa Oceanic Institute huko Hawaii, waliwaweka kamba karantini, wakawapima mmoja mmoja, wakazalisha kutokana na wale waliothibitika kutokuwa na vimelea vilivyotajwa kwenye orodha ya magonjwa yanayopimwa. Hao ndio kamba safi ambao wafugaji wa nchi nyingi wanawategemea leo.

Usichanganye kamba safi na kamba sugu. Kamba safi hana ugonjwa uliopimwa. Akikutana nao bwawani kwako anaweza kufa kama mwingine yeyote. Kamba sugu amechaguliwa kwa vizazi ili astahimili ugonjwa fulani, lakini anaweza kuubeba. Kwa shamba linalozuia magonjwa kuingia, mnunue safi. Kwa eneo ambalo ugonjwa umeshaota mizizi, tafuta ukoo ulio safi na sugu kwa pamoja. Muuzaji anayetumia maneno hayo mawili kwa maana moja, kaa naye mbali.

Kabla ya kulipa, taka cheti cha PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kimelea, cha kundi lenyewe unalonunua. Cha mwezi uliopita hakikusaidii. Hakikisha kimetaja madoa meupe, bakteria wa vifo vya mapema, na EHP. Huyu wa mwisho ni kimelea kidogo mno asiyeua kwa kishindo: anawadumaza tu, na unaendelea kulisha kamba wasiokua.

Kisha pima mwenyewe. Chota vifaranga mia moja hivi, watie kwenye bakuli jeupe la duara, na zungusha maji kwa kidole. Wenye afya hugeuka wakaogelea kuukabili mkondo au kung'ang'ania ukuta wa bakuli. Dhaifu hukusanyika katikati kama takataka. Inamisha bakuli kwenye mwanga: utumbo uonekane kama mstari mweusi usiokatika kutoka kichwani hadi mkiani, na nyama ya mkia iwe angavu, si ya maziwa. Wakitofautiana sana kwa ukubwa, kuna aliyekula na aliyenyimwa. Jaribio la mwisho ni la mshtuko: waweke nusu saa kwenye maji yasiyo na chumvi, warudishe kwenye maji yao nusu saa nyingine, kisha uhesabu. Wakipona chini ya robo tatu, rudi nyumbani.

Umri mzuri wa kuwapokea ni siku 10 hadi 12 tangu wamalize hatua za mabuu. Wazoeze maji polepole, chumvi isibadilike zaidi ya gramu 3 au 4 kwa lita kwa saa moja. Kama una uwezo, waweke kwanza kwenye tangi la kulelea lililoezekwa kwa wiki tatu au nne. Tangi hilo hulipa haraka: wanahamia bwawani wakiwa wakubwa na wamehesabiwa, na bwawa linapata muda wa kuvuna mara nyingi zaidi kwa mwaka.

Hatua ya 4: Andaa bwawa na maji

Kausha bwawa hadi udongo upasuke. Ondoa tope jeusi lote, usiligeuze tu. Pima uchachu wa udongo, kisha weka chokaa kulingana na kipimo. Bwawa lililotandikwa plastiki ngumu ni rahisi kusafisha, na nadhani kwa shamba dogo lenye vifaranga wengi gharama yake inakubalika.

Maji yasiingie moja kwa moja kutoka mtoni au mkondoni. Yapite kwanza bwawa la akiba, yachujwe kwa kitambaa cha matundu madogo sana ili mayai ya samaki na kaa yasipite, kisha yatiwe klorini, miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Subiri siku kadhaa huku ukiyapiga hewa hadi kipimo kisionyeshe klorini yoyote. Zungushia uzio mfupi wa plastiki dhidi ya kaa, na tandaza nyuzi juu dhidi ya ndege, kwani ndege aliyekula kamba mgonjwa bwawa la pili hufikisha ugonjwa la kwako.

Hatua ya 5: Hewa

Kamba hufa alfajiri. Mchana mwani wa bwawani huzalisha oksijeni, usiku huitumia pamoja na kamba, bakteria na tope, na kiasi huwa cha chini kabisa kabla jua halijachomoza. Mfugaji anayepima saa nne asubuhi hujidanganya kila siku. Pima kabla ya jua kuchomoza, na pima karibu na sakafu, maana kamba wanaishi huko. Usikubali kushuka chini ya miligramu 4 kwa lita.

Kanuni ya kazi inayotumika sana ni nguvu farasi 1 ya mashine ya hewa kwa kila kilo 400 hadi 500 za kamba walioko majini. Kwa bwawa letu la mfano, mwisho wa msimu unahitaji takriban nguvu farasi 2. Wiki za mwanzo huna haja ya kuziwasha zote, hivyo washa mashine kadiri uzito unavyoongezeka. Umeme ni gharama ya pili au ya tatu shambani, na hapa ndipo kipima oksijeni kinachokaa majini saa zote na kuwasha mashine chenyewe kinapojilipa. Kifaa hicho kikutumie ujumbe simuni, na kisafishwe kila baada ya siku chache, la sivyo ute utakifanya kisome uongo.

Jenereta ya akiba haina mjadala. Iwashe kila wiki hata kama umeme haujakatika.

Hatua ya 6: Chakula

Kamba hatafuni kwa haraka kama samaki. Anashika punje kwa miguu, anaiguguna kidogo kidogo, nyingine anaiacha. Punje iliyolala majini saa mbili imeshapoteza sehemu ya virutubisho vyake. Kwa hiyo lisha kidogo kidogo mara nyingi.

Sinia ya kukagulia ndiyo jicho lako. Weka mbili au tatu kwa kila bwawa, tia humo sehemu ndogo ya mlo, na inua baada ya saa moja na nusu au mbili. Sinia tupu, ongeza kidogo mlo unaofuata. Chakula kimebaki, punguza. Ukikuta magamba matupu kwenye sinia, kamba wanajivua gamba na hamu imeshuka. Punguza siku mbili tatu kisha rudi. Tazama pia kinyesi chao: nyuzi nyeupe zinazoelea ni dalili ya utumbo mgonjwa.

Siku hizi kuna mashine zenye maikrofoni za majini. Kamba anapokula, taya zake hutoa milio midogo, na mashine hutoa chakula wakati milio ipo na kusimama inapopungua. Kwa mabwawa makubwa ni teknolojia ninayoiamini, maana hugusa moja kwa moja ule uwiano wa chakula na uzito. Kwa bwawa moja dogo, mtu makini mwenye sinia anatosha.

Kila wiki rusha kimia sehemu kadhaa za bwawa, pima kamba wasiopungua mia, pata wastani wa uzito. Kimia hakikupi idadi kamili, lakini ukilinganisha na chakula kinacholiwa, utajua mapema kama walio majini ni wachache kuliko unavyodhani. Hilo ndilo lingeokoa lile bwawa la kilo 540.

Hatua ya 7: Maji na uchafu

Kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 35 zina kilo 5.6 za naitrojeni. Sehemu iliyo ndogo ndiyo inageuka nyama. Iliyobaki inabaki bwawani, kwanza kama amonia. Una njia tatu: kuibadilisha kwa maji mapya, kuiacha mwani uile, au kuwapa bakteria kazi.

Njia ya bakteria, inayoitwa bayofloki, ndiyo iliyowezesha kufuga kwa msongamano bila kubadilisha maji sana, na bila kufungulia ugonjwa mlango kila siku. Unatia chanzo cha wanga kama molasi, bakteria wanaongezeka, wanaimeza amonia, na mabonge yao madogo yanakuwa chakula cha ziada cha kamba. Kanuni ya mwanzo ni gramu 20 za wanga kwa kila gramu 1 ya amonia unayotaka kuiondoa. Bakteria hao hupumua, hivyo bayofloki bila hewa ya kutosha ni kifo cha bwawa zima kwa saa chache. Jaza maji ya bwawa kwenye chombo chenye umbo la koni cha lita moja, yaache yatulie dakika 20. Mashapo yaliyotulia chini yakizidi mililita 15, anza kuyatoa bwawani.

Baada ya wiki kadhaa hujitokeza bakteria wengine wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Wao hula ualkali wa maji, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, zaidi ya gramu 7 kwa kila gramu 1 ya naitrojeni. Pima ualkali kila wiki na uurudishe kwa chokaa au magadi soda usishuke chini ya miligramu 100 kwa lita. Wenye maji ya chumvi kidogo wawe macho zaidi na nitriti, kwa sababu chumvi ndiyo humkinga kamba nayo.

Maji yanayotoka yapite bwawa la kutulizia tope kabla ya kwenda nje. Chaza na mwani wa baharini wanaweza kuyasafisha zaidi, na vyote viwili vinauzika.

Hatua ya 8: Ugonjwa ukiingia

Dalili za kwanza ni kamba kuzubaa kandokando mchana, sinia kubaki imejaa ghafla, na ini kupauka au kusinyaa. Virusi vya madoa meupe vinaweza kumaliza bwawa ndani ya siku tatu hadi kumi. Wakati ugonjwa wa vifo vya mapema ulipozuka China mwaka 2009, wafugaji waliulaumu udongo, dawa na hali ya hewa, hadi mwaka 2013 timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona ilipobaini kuwa ni bakteria wa jamii ya Vibrio anayetoa sumu. Kwa miaka hiyo yote watu walikuwa wakitibu wasichokijua. Kwa hiyo hifadhi sampuli kwenye alkoholi siku ya kwanza, kabla ya kumwaga chochote.

Funga lango la maji. Usitoe maji hata tone. Tia klorini humohumo, kisha subiri. Vyandarua, kimia na viatu vya bwawa hilo visiende kwingine. Antibayotiki haziui virusi, na mabaki ya antibayotiki kama kloramfenikoli au naitrofurani yakikutwa kwenye kamba wako, masoko mengi yatakufungia.

Hatua ya 9: Fanya utafiti wako mwenyewe

Taasisi za utafiti zina kazi ambazo mfugaji hawezi: kutunza koo nyingi za kamba wazazi ili wasizaliane ndugu kwa ndugu, kupima familia kwa familia, kuchagua. Hata hapo hakuna cha bure. Watafiti waliowachagua kamba kwa usugu dhidi ya Taura walikuta kwamba familia zinazostahimili ugonjwa zilielekea kukua polepole zaidi. Ushirika wa wafugaji unaotaka mbegu ya nchini ulipie kituo kimoja cha wazazi, mbali na mabwawa yote, badala ya kila mmoja kujaribu chake.

Shambani kwako jaribu kitu kimoja kwa msimu. Chakula kipya, kwa mfano, kiende mabwawa matatu na cha zamani mabwawa matatu, yaliyogawanywa kwa kura, vifaranga wa kundi moja, siku moja. Bwawa moja dhidi ya lingine halithibitishi kitu, kwani mabwawa yenyewe hutofautiana. Daftari liwe na oksijeni ya alfajiri, joto, chakula kilichotolewa, uzito wa wiki na waliookotwa wamekufa.

Hatua ya 10: Kuvuna na kuuza

Siku moja kabla, kamata kamba mia na ubonyeze magamba. Wakizidi asilimia 10 laini, ahirisha. Wakati wa bamvua wengi hujivua gamba, hivyo usipange mavuno kwa kalenda ya mnunuzi pekee. Acha kulisha nusu siku ili utumbo uwe mtupu.

Vuna usiku au alfajiri. Wakitoka kwenye wavu watumbukie moja kwa moja kwenye maji yenye barafu nyingi, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya kamba kama mwanzo. Wafe kwa baridi papo hapo. Wakifa kwa kukosa hewa kwenye ndoo, nyama hulegea na kichwa huanza kuwa cheusi ndani ya saa chache. Sulfiti, dawa ya kuhifadhia chakula, huzuia weusi huo, ila ina kikomo cha kisheria na baadhi ya walaji ina madhara kwao. Barafu ya kutosha na safari fupi zinaweza kukuepusha nayo kabisa.

Vuna kwa awamu. Toa theluthi moja wakiwa na gramu 12 hivi, waliobaki wapate nafasi na oksijeni, kisha uwavune wakiwa na gramu 20. Mnunuzi wa kamba wabichi anataka kila wiki kiasi kidogo cha uhakika, naye huyo ndiye asiyeweza kuhudumiwa na meli ya kontena. Panga tarehe za kupanda mabwawa yako zipishane kwa wiki mbili au tatu kuanzia msimu wa pili, baada ya kuona la kwanza limepona zaidi ya asilimia 70.